Meneja Alisema Anasikitika

Siku yangu ya kwanza ya ukalimani ilikuwa katika kambi ya barabara karibu na Keroka, miaka michache baada ya uhuru. Nilikuwa nimeacha shule mapema, nikazunguka huku na huku nikiuliza watu maana ya maneno. Nyapara, msimamizi wa vibarua, alinicheka.

"Wewe mzururaji, Kiingereza umekiokota wapi?"

"Barabarani, bwana."

"Basi umefika kwenu."

Mwaka huohuo, jiwe la machimbo lilimwua kibarua mmoja kijana wa upande wa Nyamira. Baba yake, Mzee Onchari, alipokuja kufuata maiti, meneja wa kambi alimwambia neno moja: "regret". Mkalimani husema kwa kinywa cha mkubwa, hasemi "yeye". Kwa hiyo nilimtazama mzee nikamwambia kwa Ekegusii, lugha yetu, "Nasikitika sana."

Mzee akainua uso. "Basi atakuja kutupa udongo. Tutamngoja."

Kwetu, anayekusikitikia hufika kaburini akatupa udongo kwa mkono wake. Nikamgeukia meneja, ambaye tayari alikuwa anafungua mlango wa Land Rover.

"Anauliza kama utakuja kuzika, bwana."

"Mwambie nimeshasema."

Nilimweleza mzee kwamba huyu haji. Alikataa kabisa. "Mtu hasemi hivyo akabaki kwake."

Kesho yake nilikwenda mazishini, na kaburi lilikaa wazi hadi jioni. Wingu lilikuwa limefunga, wazee wakinung'unika, na mama wa marehemu alikuwa ameishiwa sauti. Mzee Onchari alisimama peke yake akitazama njia. Mwishowe akanijia.

"Mwanangu, ni nani aliyeniambia anasikitika?"

"Meneja, tata," nikamjibu, nikimwita baba kwa lugha yetu.

"Mimi nilikusikia wewe. Tupa."

Nikainama, nikatupa udongo. Ndipo wakaanza kufukia.

Baadaye nilitafsiri mahakamani Kisii chini ya hakimu, kisha hospitalini chini ya daktari mkuu. Wote walikuwa na neno lilelile, na walilitumia wakiwa wamesimama, karatasi nyingine mkononi. Kila nilipolitamka niliona wenye msiba wakiinua uso, nikajua wanamtarajia nani.

Sasa nimestaafu, naishi Suneka. Vijana wanaosomea ukalimani huja kuniuliza maana ya neno hilo. Nawaambia ni kusikitika, kamusi haikukosea. Lakini ukishalisema kwa kinywa chako, uliza nyumbani kwa wafiwa ni wapi.

Mimi nilikwenda kwa wale nilioweza kuwafikia. Waliobaki ni wengi.