Nani Ataonja Kwanza

Mwezi uliopita nilikuwa jikoni kwangu hapa Louisville, Marekani, simu ilipolia, nikaambiwa rafiki yangu wa Columbus ametutoka. Alilala mzima, asubuhi hakuamka. Nililia, sina haja ya kuwaficha wasomaji wangu, lakini machozi hayajakauka nikajikuta nacheka, maana mtu yule huwezi kumkumbuka ukabaki umenuna. Alikuwa Mrundi aliyekulia kambini Kigoma, mnene, mwimba besi wa kwaya ya kanisani kwao, na siku za kazi alifungasha mizigo kwenye ghala moja kubwa. Tulijuana harusini, tukaishia kuwa wasafiri.

Kila vuli nilikwenda kwake Gahanna, kitongoji cha Columbus, nikalala, na kesho yake tukashika njia ya Buffalo kwa shemeji yake. Njia hiyo hupita kando ya ziwa kubwa lenye mashamba ya mizabibu, na penye kibao cha kuonja mvinyo hatukupita bila kusimama. Anayeendesha ananusa tu, hiyo ndiyo ilikuwa sheria yetu, na usukani tulipokezana. Tukishafika na gari limeegeshwa, chupa tulizonunua zilifunguliwa, na mwisho ilitoka ya kwake mwenyewe, ya malimau. Aliloweka maganda kwenye pombe kali wiki kadhaa, akachuja, akatia sukari. Ilikuwa ya njano, tamu, na ilibana mashavu.

Mara ya kwanza tuliposimama kwenye shamba moja, mama mwenye mvinyo alitumiminia, rafiki yangu akakaa anatabasamu bila kugusa bilauri. Mama akauliza kuna tatizo gani. Akaelezwa, kwa Kiingereza cha ghalani, kwamba kwao anayekukaribisha kinywaji hukionja kwanza mbele yako, ujue hakina ubaya. Mimi nilitamani kujificha chini ya meza. Yule mama akajimiminia, akaonja, akakunja uso, akakiri kwamba chupa ile imechachuka, akaenda kuleta nyingine. Tangu hapo, kila mwaka akituona mlangoni alionja kabla hata ya kutusalimia.

Njiani nilimtania kwamba nchi hii chupa zina lakiri na lebo, nani atiliwe shaka? Hakucheka. “Mimi nafunga maboksi siku nzima, sijui nani anayafungua,” alisema. “Sasa wewe nikikukaribisha kwangu, angalau unione nikimeza.” Nimelifikiria sana neno hilo. Siku hizi chakula chetu kinaachwa mlangoni na mtu tusiyemwona, nasi tumezoea, tunaona ndiyo maendeleo. Yeye alikuwa upande wa pili wa mlango huo, na alijua kinachokosekana.

Siku ya kumaliza matanga tulijaa sebuleni kwake. Mjane akatoa kabatini chupa ya mwisho ya malimau, akaiweka mezani, na watu wote wakaitazama. Jirani yao, mzee wa Kikongo asiyeacha Kifaransa chake, ndiye aliyesema tulichokuwa tunakiwaza. “Bon, mwenye pombe hayuko. Donc, nani ataonja?” Mjane akaanza kuirudisha kabatini, na moyo uliniuma, kwa sababu niliona wazi kwamba ikirudi mle, hata desturi ya nyumba ile ya kukaribisha watu itakuwa imefungiwa pamoja nayo.

Binti yake akamshika mkono. Huyu ni binti mtu mzima, ambaye maisha yake yote wazazi walimsemesha Kiswahili naye akawajibu Kiingereza, na pombe hanywi. Alichukua kibilauri, akasimama pale baba yake alipozoea kusimama, akamimina kidogo, akameza. Akakohoa hadi macho yakamtoka maji. “Baba alizidisha malimau,” alisema kwa Kiswahili. “Karibuni.”

Tulicheka, tukalia, tukanywa, chupa ikaisha. Hakuna aliyewahi kumfundisha binti yule, alikuwa amemwona tu baba yake akifanya. Ndiyo maana tangu nirudi Louisville, mgeni akija kwangu, hata kama ni chai, naonja kwanza mbele yake. Wanangu wananicheka. Waache wacheke, ilimradi wanaona.