Mwaka Tuliotengwa

Mtaani kwetu Majengo, hapa Mpanda mjini, kuna bomba la kupampu kwa mkono ambalo mpini wake hulia kila unaposhuka. Majirani linawakera. Mimi nikilisikia asubuhi nanusa tope, na papo hapo narudi Mpimbwe, kwenye kijiji tulikokuwa tukilima mpunga nilipokuwa msichana wa miaka minane.

Kijijini kwetu uliweza kukosa misa, padri akakuombea. Uliweza kukosa harusi, ukataniwa mpaka masika mengine. Kukosa mazishi ndiko kulikokuwa hakusameheki, na Baba yangu alikosa. Mzee jirani yetu alifariki mpunga ukikaribia kuiva, na viboko walikuwa wameshafagia nusu ya shamba la mwenzetu. Baba akabaki shambani, juu ya kichanja cha kulindia, akipiga debe kuwafukuza viboko. "Marehemu alikuwa mkulima," alimwambia Mama. "Atanielewa."

Marehemu sijui. Waliobaki hawakumwelewa. Kikao cha kitongoji kikaamua tutengwe: tusisalimiwe wala kuazimwa hata moto, mpaka Baba alete mbuzi na kuomba radhi. Baba, mkaidi kuliko mbuzi mwenyewe, alikataa.

Hakuna aliyetunyima maji, hilo nataka mlielewe. Bomba lilikuwa la wote. Ila Mama alipofika na ndoo yake, wanawake waliinua zao, hata zilizojaa nusu, wakaondoka kimya. Mama Sesi, shoga yake wa tangu usichana, aliondoka akiangalia chini. Mama alikuwa mtu wa soga. Bombani ndiko alikopatia habari zote za dunia. Alivumilia siku chache, kisha akaanza kuchota kwenye dimbwi la nyuma ya mashamba, walikokunywa ng'ombe. "Huku ni karibu," alituambia. Hakukuwa karibu.

Mdogo wangu Deo, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kutembea, akashikwa na kuhara. Tulimpeleka zahanati, Mama akiwa amempakata juu ya baiskeli, Baba akisukuma, mimi nikifuata nyuma na kanga za kubadilisha.

"Mama Deo, maji mnachota wapi?" nesi aliuliza.

Foleni nzima ilikuwa inasikiliza, na ilikuwa foleni ya watu wa kijiji chetu.

"Bombani," Mama akajibu.

Nilimtazama, yeye alikuwa anatazama ukuta. Nesi hakuuliza zaidi. Alitupatia pakiti za dawa ya kukoroga kwenye maji, na tulipofika nyumbani Mama alizikoroga kwa maji tuliyokuwa nayo.

Deo alifariki Jumapili, kengele ya misa ikiwa bado haijagongwa.

Kufika mchana uwanja wetu ulikuwa umejaa. Mzee wa kitongoji alisimama akasema kwenye msiba hakuna mtengwa, mambo mengine yameisha. Wanaume walikuja na majembe. Wanawake walileta kuni, unga, na ndoo za maji safi ya bomba, mpaka vyombo vya kuyatia vikaisha. Mama Sesi alimkumbatia Mama, wakaanguka chini wote wawili. Watoto wenzangu walinishika mkono tukaenda kucheza, na nasema kweli, nilifurahi. Nilirudi mbio kumnong'oneza Mama, "Mama, si umeona? Wamerudi wote."

Kwa miaka mingi niliamini ni mapenzi yaliyowaleta. Sehemu yalikuwa mapenzi. Vilio vile havikuwa vya kuigiza, na wanawake wale hawakuwa wabaya. Lakini sasa mimi mwenyewe ni mama, najua jinsi mtu anavyoogopa kubaki peke yake kati ya watu, kama Mama pale bombani. Walikuwa wameona yaliyotupata, na hakuna aliyethubutu kukosa. Walikuja kumzika Deo kwa woga ule ule uliomuua.