Neno Alilolimeza Mwalimu wa Ndege

Mchana ule naukumbuka kwa harufu ya petroli, mwanangu, na kwa shaka iliyonijaa kifuani. Ilikuwa wakati wa vita vya ukombozi, hapa Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, nami kijana ninayejifunza kurusha ndege ndogo ya watu wawili. Usishangae. Wareno walinichagua kwa sababu nilisoma shule yao, na kwa sababu walitaka picha ya mwenyeji akitabasamu kando ya ndege. Picha walipiga kabla sijagusa usukani! Wao walinishuku kwamba siku moja nitavuka mto Ruvuma na ndege yao niende kwa wapigania uhuru, nisirudi. Mtaani nako nilisemwa kuwa jasusi wa Wareno, na lisemwalo lipo, kama halipo laja. Watu walinyamaza nikiingia msikitini. Mimi nami nikawashuku wote.

Mwalimu wangu, Mreno aitwaye Senhor Matias, alikuwa mtu wa miwani myeusi na maneno machache. Kanuni yake ya kutua ilikuwa nzuri, siwezi kumnyima haki yake. Ukiukaribia uwanja ukauona umerefuka, umesimama kama ubao ulioegemezwa ukutani, wewe uko juu mno. Ukiuona umebapa kama mkeka, wewe uko chini mno. Ongeza nguvu ya injini upesi.

Jana yake nilimkuta akinong'ona na ofisa wa jeshi. Waliponiona wakakatiza. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia. Huyu anataka niivunje ndege, nitiwe ndani kama mhujumu, na mjomba wangu aliyenilea achukuliwe pamoja nami. Watu walikuwa wanachukuliwa kwa kisa kidogo kuliko hicho.

Basi tunashuka, mikorosho iko mbele yetu, uwanja uko nyuma yake. Mara Senhor Matias akapiga kelele: “Baixa!” Yaani, shuka! Nikatazama uwanja: umebapa. Nishuke niende wapi, kwenye mikorosho? Moyo ukaniambia, mtego wake ndio huu sasa. Nikageuka kumtazama usoni, nione kama ana nia mbaya. Miwani ile haikuniambia kitu. Niliporudisha macho mbele, mwanzo wa uwanja ulikuwa umeshapotea nyuma ya majani. Nikasukuma mpini wa injini mpaka mwisho. Magurudumu yakakwangua matawi ya juu, tukapita, tukatua mbele kwa kishindo cha aibu.

“Nimekuambia baixo!” alifoka. “Baixo! Uko chini!”

Baixa ni amri, baixo ni onyo. Mreno humeza irabu ya mwisho, na kelele za injini zikameza iliyobaki. Au alisema baixa kweli, akageuza neno tulipopona? Mpaka leo sijui, na simwamini sana.

Nilipofika nyumbani nilimweleza Mjomba Bakari, nikitarajia anisifu kwa kumgundua adui.

“Ulipokuwa unamtazama usoni,” akauliza, “ndege ilikuwa inafanya nini?”

“Inashuka, mjomba.”

“Sasa Mreno kaingiaje hapo? Uwanja ulishakwambia uko chini. Ukauacha, ukaenda kutafuta habari ileile kwenye miwani!” Akasonya. “Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, mwanangu, lakini hasimami kuuhoji. Kesho wangekuja kunichukua mimi, na wewe ungekuwa umeshazikwa na shaka yako.”

Nilinuna. Kisha nikaona mzee wa watu ameinuka kwa hofu, anatia komeo mlangoni mchana kweupe, na hasira zikaniisha.

Siku hizi kwetu huku watu wameanza tena kutazamana kwa pembeni. Sikuambii umwamini kila mtu. Mimi mwenyewe siwezi. Mshuku wa kushukiwa, lakini usiiache kazi iliyo mikononi mwako ukachunguze uso wake. Ukitilia shaka neno la mtu, litazame jambo lenyewe, kwa sababu jambo halina upande. Fanya kwanza la kukuokoa, kisha uliza nani alitaka nini. Na jibu likikosekana, kama nilivyolikosa mimi, ishi bila hilo jibu, usimzulie mtu.

Mwenyezi Mungu akukinge na mtu mbaya, mwanangu, na akukinge na kumwona kila mtu mbaya. Amin.