Kaa Kitini

Baba yangu ni kinyozi, na vinyozi wenzake wanamwita Mzee Ukuta kwa sababu hacheki. Si kwamba ana roho mbaya, jamani. Ujanani mteja alimchekesha, mkono ukateleza, akamkata sikio. Tangu hapo ameandika juu ya kioo: KUCHEKESHANA BAADA YA KUNYOLEWA. Na kwa vile ananyoa asubuhi mpaka jioni, hiyo baada haifiki.

Sasa Mungu naye ana yake. Nyumbani kwa mtu huyo akazaliwa mdogo wangu, mchekeshaji. Tangu utotoni vichekesho vyake alivijaribia pale kazini kwa Baba, mimi nikifua taulo. Wateja walivunjika mbavu hadi Baba anazima mashine kusubiri vichwa vitulie. Yeye mwenyewe, kimya. Mdogo wangu ilimuuma, wala hakuficha. "Dada, wote wanacheka isipokuwa yule ninayemtaka."

Jumapili moja akapata nafasi ya kutumbuiza kwenye runinga, moja kwa moja, saa tisa alasiri. Asubuhi akanipigia. "Nikiwa jukwaani siwezi kumwona. Mwangalie kwa niaba yangu. Akicheka niambie, asipocheka niambie. Usinidanganye."

Saa tisa kasorobo nikamwomba Baba asimamishe kazi tukae tutazame kama watu. Thubutu! "Mteja ni mteja," akasema, akamkalisha mwalimu mkuu wa shule ya jirani, aliyetaka kupunguzwa pembeni tu. Namjua mzee wangu. Alitaka mashine iwe mkononi apate kisingizio. Nilikasirika, nikaongeza sauti ya runinga makusudi.

Mdogo wangu akatokea, jasho tayari usoni.

"Baba yangu kinyozi," akaanza. "Nilipofaulu mtihani nikampelekea ripoti. Akaisoma yote, akasema, 'Kaa kitini.' Akaninyoa. Nilipofeli, 'Kaa kitini.' Nilipoachwa na mchumba nikaenda nalia, mtu mzima, kamasi hizi hapa. Akakung'uta kitambaa. 'Kaa kitini.' Sikuwa na hata unywele mmoja, nimenyolewa jana yake. Akaninyoa hivyo hivyo."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwalimu mkuu alijikaza, mabega yakitikisika. Baba, ukuta. Nilimwonea huruma mdogo wangu hadi nikatamani kuzima runinga.

"Basi siku nilipokwenda kumwambia naacha kazi ya ofisini niwe mchekeshaji, nilishajua nitaambiwa nini. Nikamaliza kusema, nikakiendea kiti mwenyewe. Nikakuta ameshakaa yeye."

Nikasikia sauti nisiyoijua, kama birika linaloanza kuchemka. Ilikuwa Baba. Maana ni kweli, siku ile alikaa, nilikuwepo, alikaa nusu saa nzima na kitambaa begani. Kicheko kikamtoka chote kwa mpigo, na mashine ikapita katikati ya kichwa cha mwalimu mkuu, kutoka kwenye paji mpaka kisogoni.

"Mzee! Umenifanya nini? Kesho nina mkutano wa wazazi!"

Baba alikuwa ameegemea kioo, machozi yanamtiririka, na sikujua tena kama ni kicheko au ni kilio.

Bado tunamwomba radhi mwalimu, simu ikaita. "Dada, alicheka?"

Baba akanipungia mkono nisiseme. Ee, kumbe hata sasa anaona haya!

"Mimi nitakuambia hivi," nikasema. "Mwalimu mkuu ana barabara kichwani."

Mdogo wangu alijua mashine ya Baba haijawahi kukosea tangu tuzaliwe. Kisha nikamsikia analia, huku nyuma yake watu bado wanampigia makofi.

Baba akaninyang'anya simu. Akakohoa kwanza.

"Nimekuona kwenye runinga," akasema. "Nywele zimekuwa ndefu. Kesho upite."

Juzi tu alikuwa amemnyoa yeye mwenyewe.