Ushuhuda Usiomtaja Makau

Muli alijua kushuhudia, hilo hakuna wa kumnyima. Kila Jumatano saa saba, watu wa ofisini walipojaa kwenye ibada ya mchana katikati ya Nairobi, yeye, tarishi wa ofisi moja ya Upper Hill, alipanda jukwaani akapaza sauti: Bwana asifiwe, nilikuwa mlevi, nilikuwa mwongo, leo nimeoshwa. Watu wakaitika amina mpaka koo zikakauka. Alimdanganya nani, na kwa jambo gani? Hakuulizwa, naye hakusema.

Basi nitasema mimi. Mwaka 2003 alikuwa bawabu wa nyumba za ghorofa Kileleshwa. Jumamosi moja alishiba ugali akalala fofofo mchana kweupe, wezi wakaingia kwa mpangaji mmoja, Bwana Tarsem, wakabeba televisheni na vito. Ili asifutwe kazi, Muli akaapa mahakamani, Biblia mkononi, kwamba alimwona Makau, mtunza bustani, akitoka na mzigo. Makau akafungwa miaka saba, na hakuwa amechukua hata ua.

Jumatano moja ya mwaka 2006, baada ya ibada, mwanamke alimngoja mlangoni. Alikuwa Caren, mke wa Makau. Muli alitamani ardhi ipasuke immeze. Kumbe mama wa watu hakuja na ugomvi.

“Ndugu Muli, wewe Mungu anakusikia,” alisema. “Niombee mume wangu atubu. Kila nikienda kumwona anakataa kwamba aliiba.”

Jamani! Hata mke aliyeishi naye miaka kumi alikuwa ameuamini uongo wa bawabu. Muli akaaga upesi bila kuomba.

Jioni hiyo alimweleza Pasta Muthama yote. Pasta akamtuliza: damu ya Yesu imekwisha kumfunika, asichokonoe yaliyopita, na akifungwa watoto wake watakula nini? Pasta ni mtu mwema, lakini siku hiyo, wallahi, alinichefua.

“Mimi nimefunikwa, Pasta,” Muli akajibu. “Makau bado yuko ndani.”

Kesho yake akamfuata Caren kwenye kibanda chake cha mboga karibu na Adams Arcade, akamwambia bila kuzunguka. Caren alikuwa na kisu cha kukatia sukuma wiki mkononi. Muli alipopiga magoti kuomba msamaha, akamkatiza.

“Usipige magoti hapa. Simama twende.”

Wakaenda kituo cha polisi kwa miguu, mama mbele. Afisa aliandika maelezo, akayasoma kwa sauti, kisha akamtazama Muli. “Unajua hii itakulaza ndani?”

Muli akasema anajua, akaanza kufungua mshipi, kama mahabusu wanavyotakiwa kabla ya kuingia seli. Hofu alikuwa nayo, tena tele, ila kurudi nyuma hakutaka kabisa.

Caren akasogea kaunta, akamwomba afisa asome tena pale panaposema Makau hakuiba. Afisa akasoma.

“Aliniambia hivyo hivyo miaka mitatu,” Caren akasema, “na mimi nikamwambia atubu.”