Simba wa Chaani na Jogoo

Naitwa Bramwel. Naendesha foklifti katika godauni moja hapa Changamwe, na nikisema ukweli, hiyo ndiyo mashine pekee duniani inayonitii. Nyingine zote zinanidharau. Redio nikiishika tu, inaanza kukwaruza. Rimoti ya televisheni inamsikia mke wangu Nafula, inamsikia hata Kefa wetu ambaye hajaota jino, lakini nikibonyeza mimi, kimya. Na simu ndiyo usiseme. Kioo chake kina ufa kutoka pembe hii hadi ile, na kidole kikipita juu ya ufa, simu inafanya inavyotaka yenyewe. Fundi aliniambia nikibadilishe. Nikamjibu kwa kiburi kwamba mtu anayepanga marobota ya mitumba mpaka darini bila kugusa ukuta hawezi kushindwa na kioo. Nilishindwa, mtasikia.

Mambo yote yalianzia kwenye drafti. Saa ya chakula cha mchana wanaume wa godauni hucheza kwa vifuniko vya soda kwenye ubao tuliouchora kwa makaa. Wenyeji wa pwani wanaiita dama, sisi wa bara tunaiita drafti, na kwa jina lolote lile mimi hupigwa. Napigwa mpaka watu wanaacha sahani zao waje watazame. Tsofa, mpakiaji mwenzetu kutoka Kaloleni, alikuwa akinicheza kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika embe, na wala hanitazami.

"Bramwel, ndugu yangu," aliniambia siku moja, "wewe nenda ukacheze na simu. Simu haina meno, haitakucheka."

Nikaenda nikatia gemu ya dama kwenye simu. Lo! Kabla hujasogeza kete hata moja, gemu inataka jina lako, inataka kuona picha zako, inataka kusoma namba zote ulizohifadhi. Za nini jamani? Kwani nacheza dama au naomba pasipoti? Lakini kitufe cha kukubali kilikuwa kikubwa, na kile cha kukataa kilikuwa kidogo na kimekaa juu ya ufa, basi nikakubali kila kitu. Penye jina nikaandika Simba wa Chaani. Chaani ndiko ninakokaa. Simba, basi tu, mtu hujipa moyo. Gemu ikazungukazunguka ikanitafutia mwenzangu. Akaja mmoja mwenye picha ya jogoo, na jina lake Jogoo, bila mbwembwe yoyote.

Mimi Mbukusu mzima, mtu wa kabila linalosifika kwa kupenda kuku, nimeletewa kuku, na sikushtuka.

Jogoo akanipiga. Nikarudi, akanipiga tena. Na katikati ya kila mchezo gemu inasimama, inaleta tangazo la msichana anayecheka na kipande cha sabuni, na huwezi kumwondoa mpaka amalize kucheka. Data inaisha yeye anacheka. Nikawa naitukana simu mpaka Nafula ananitoa nje ili mtoto alale, na huko nje nasimama kwenye mwanga wa dirisha, naendelea kupigwa.

Gemu ile ilikuwa na mahali pa kuandikiana, na mimi mkono wangu ukishindwa, mdomo haushindwi. Nikaandika, "Wewe kuku, leo nakuchinja." Jogoo akajibu, "Cheza." Nikaandika, "Nitakunyonyoa, nikule na ugali wa wimbi, na mifupa nimpe paka." Jogoo akajibu, "Cheza, acha kelele." Kisha akanila kete tatu kwa mkupuo mmoja.

Polepole tukazoeana. Kuna siku aliniuliza kama nimekula. Siku nyingine nikamwambia mtoto wangu hataki kulala, analia tu, akanijibu nimlaze kifudifudi juu ya kifua changu bila shati, asikie moyo. Nikafanya hivyo, na Kefa akalala. Nikaamini kabisa kwamba Jogoo ni mzee fulani mlinzi wa geti, mtu wa wajukuu wengi, aliyechoka kukaa na rungu lake peke yake. Nilimpenda mzee yule. Nilimweleza mambo ambayo Tsofa nisingethubutu kumweleza.

Sasa niwape habari ya mama mkwe. Kwetu Wabukusu mama mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Humpi mkono, hukai naye chumba kimoja, huli mbele yake, humtazami usoni. Akija kwa njia hii, wewe unashika ile. Likiwapo neno baina yenu, linapitia kwa mke. Si chuki, ni heshima, na mtu akiivunja, aibu yake inafika kijijini kabla yeye hajafika.

Baba yake Nafula alifariki mwaka jana, na mama akabaki peke yake kule Kimilili. Nafula akawa hana raha. Akipika anasema mama sijui amekula nini, mvua ikinyesha anasema sijui bati la mama limefanya nini. Alitaka sana mamake ahamie huku. Chini ya paa la mkwe hawezi kulala, lakini jirani yetu Florence alikuwa na chumba wazi, ukuta mmoja tu na chetu. Mama akaombwa, akaombwa, mwisho akakubali kuja kutazama. "Nitamwona mtoto, nitawaona na nyinyi," alisema. "Nikiona hapanifai, narudi kwangu, na msiniite tena."

Nafula akaweka simu chini, akanigeukia. "Bramwel, nakuomba kitu kimoja. Mama akiwa hapa, usimwonyeshe ujinga wowote. Akirudi safari hii, atakufa peke yake kule."

Hakusema kwa ukali. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, na mimi nikahisi uzito wa jambo lile wote umepangwa juu ya bega langu. Na ni nani niliyemwendea kutafuta nafuu? Nikamwandikia Jogoo. "Mama mkwe wangu anakuja. Mzee, naogopa. Sijui nitajificha wapi."

Safari hii Jogoo hakuniambia nicheze. Aliandika, "Usijifiche. Mwekee kiti penye upepo. Joto la huko litamsumbua."

Nikasema, ona mzee mwenye busara. Nikanunua kiti cha plastiki chenye mikono, nikampelekea Florence, nikamwonyesha mahali pa kukiweka barazani kwake, pale upepo wa kutoka upande wa bandari unapopenya baina ya nyumba. Florence akanicheka. "Mkwe wangu akija huwa namwekea mkeka tu, na anashukuru. Wewe unamwogopa huyo mama au unamwomba kura?"

Mama akafika kwa treni, tukampokea kituoni Miritini. Nilivisalimia viatu vyake. Nikabeba mizigo nikatangulia mbele sana, mpaka askari wa geti akadhani nimeiba. Kwenye tuktuk yeye na Nafula na mtoto wakakaa nyuma, mimi nikajibana mbele na dereva, nusu ya mwili wangu iko nje. Nyumbani, mama akakiona kile kiti barazani kwa Florence. Nafula aliniambia baadaye kwamba alisimama akakitazama muda, akapapasa mkono mmoja wa kiti, ndipo akakaa.

Siku zikaenda vizuri. Mama yuko upande wake, mimi wangu. Nafula akawa anaimba akifua. Nikaanza kujiona mtu mwenye akili.

Ikaja Jumapili. Tumetoka kanisani, chakula kiko motoni, Nafula ananyonyesha. Mama yuko kwa Florence. Mimi nimejilaza kwenye kochi nacheza na Jogoo. Wiki ile gemu ilikuwa imejiapdeti yenyewe bila kumwuliza mtu, na ikaja na balaa jipya: mwenzako akisogeza kete, simu yako inatoa sauti ya mnyama wako. Yangu ikawa inanguruma. Nilitafuta pa kuizima, nikatafuta, nikachoka, mwisho nikachomeka waya wa spika za masikioni ambao umekatika, ikanyamaza. Hiyo ndiyo akili yangu yote ya teknolojia.

Nikasogeza kete. Upande wa pili wa ukuta kukasikika, "Kokorikoo!"

Nikasema, Florence ameanza kufuga. Nikasogeza nyingine. "Kokorikoo!" Nikatulia. Ukuta nao ukatulia. Nikakaa vizuri, nikafuta jasho, nikasogeza kete moja polepole, kama mtu anayegusa sufuria kujua kama ni ya moto.

"Kokorikoo!"

Wallahi, na mimi ni Mkristo, hapo ndipo nilipokumbuka. Mpwa wa mama alimwekea gemu kwenye simu. Hilo nililisikia zamani na sikulitilia maanani. Gemu inasoma namba ulizohifadhi. Namba ya mama mkwe ninayo, imeandikwa Mama Nafula Kimilili. Nikainuka mzima mzima, simu mkononi, waya ukachomoka, nikaropoka.

"Nafula! Jogoo ni mama yako! Mungu wangu, nimemwambia mama mkwe nitamchinja! Nimemwambia nitamnyonyoa nimle na ugali wa wimbi!"

Simu ikalia, "ting." Nikatazama. Dole gumba langu lilikuwa juu ya ufa, na ufa ulikuwa umekibonyeza kitufe cha kurekodi sauti, na simu, ambayo siku zote hata namba ya Nafula inakataa kuipiga, siku hiyo ilirekodi kila neno na kulituma bila kukwama. Nikataka kufuta. Akatokea msichana wa sabuni. Nikabonyeza, anacheka. Nikabonyeza kwa vidole vyote, anacheka. Na yeye akiwa katikati ya kicheko chake, nikasikia sauti ya mwanamume inatoka ukutani, kubwa na safi kabisa: "Nitamnyonyoa nimle na ugali wa wimbi!"

Nilikuwa mimi.

Florence akapiga yowe la kicheko, kisha akajiziba mdomo. Nafula hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alinipakatisha mtoto, akafunga leso yake vizuri, akasema "Bramwel" tu, akatoka.

Nikakaa na Kefa kifuani. Nilikuwa nasikia wanaongea kwa Kibukusu, chinichini, sipati maneno. Kichwani nikamwona mama anafunga mizigo. Nikaona Nafula analia kila mvua ikinyesha, maisha yetu yote. Na kuna uchungu mwingine, naona haya kuusema, lakini ulikuwapo: nilikuwa nimempoteza na yule mzee wangu wa geti. Jogoo hatacheza nami tena. Mtu mzima, baba wa mtoto, nikatokwa na machozi kwa ajili ya kuku wa simu.

Nafula akarudi. Uso wake sikuweza kuusoma, kama amelia au amecheka.

"Mama anasema alijua," akasema.

"Alijua nini?"

"Alijua ni wewe, tangu siku ya kwanza. Anauliza, yeye anamjua mtu gani mwingine wa Chaani?"

Simba wa Chaani! Nilijificha nyuma ya jina lenye anwani yangu.

Nafula akakaa kando yangu. "Baba alikuwa akicheza naye drafti kila jioni," akasema. "Unajua hilo? Mimi nilikuwa nimelisahau. Alipofariki, ubao ulibaki mezani na vifuniko vyake, na hakuna mtu wa upande wa pili. Ndipo ile gemu ikamletea wewe. Anasema kwa mila hawezi kukaa na mkwe wake meza moja. Lakini anasema hajawahi kusikia mzee yeyote amekataza jogoo kucheza na simba." Akamfuta Kefa jasho. "Anasema kile kiti, alipokiona, alijua umemsikiliza."

Nilitazama sakafu. "Basi anarudi Kimilili au harudi?"

Kabla Nafula hajajibu, sauti ikatoka upande wa pili wa ukuta, sauti ya mama mkwe wangu, ambayo katika miaka yote ya ndoa sikuwahi kuisikia ikitaja habari yangu. Haikunisemesha mimi. Ilimsemesha bintiye, kama inavyotakiwa.

"Nafula! Mwambie baba Kefa zamu ni yake. Na kesho amtafute fundi, aje atengeneze mlango wa chumba hiki. Siwezi kuishi mahali mlango haufungi."

Nafula alifunika uso kwa leso, mabega yakamtikisika. "Umesikia?" akaniuliza kutoka ndani ya leso. "Ameagiza mlango."

"Nimesikia."

"Basi cheza!"

Nikamhamishia Kefa bega la kushoto, nikaishika simu mbali na ufa, nikasogeza kete. Jogoo akawika ukutani. Msichana wa sabuni akaja, akacheka mpaka akatosheka, na alipoondoka nilikuwa nimeshaliwa kete tatu.