Pampu Niliyoifunga

Pikapu yangu ni ya dizeli, na kwa miezi kadhaa ilikuwa gari linalokunywa kidogo kuliko yote katika steji yetu ya Kasese, pale tunaposubiri mizigo. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu zamani nililisema kila mahali, hata msibani. Mtu akiniuliza habari za watoto, nilimjibu habari za mafuta.

Sisi madereva wa pikapu tulikuwa na desturi yetu, ya kijinga kama desturi nyingi za wanaume. Jumamosi asubuhi mnajaza tangi mpaka povu litoke. Wenzako wanalitingisha gari ili hewa itoke na dizeli ishuke, kisha mnajaza tena, huku binti wa kituo cha mafuta akiwatazama kama wagonjwa. Mnakwenda Bwera, kila mmoja na mzigo wake, mnarudi, mnajaza pale pale. Aliyeingiza lita chache kuliko wote anaitwa Ngamia, na mpaka atakaposhindwa hanunui chai wala chapati. Ndiyo maana kwenye miteremko ya kushuka Kinyamaseke ungetukuta tumetoa gia na kuzima injini, tunateremka kimya na mali za watu mgongoni, tukimwomba Mungu breki zisituaibishe. "Akiba haiozi," tulikuwa tukiambiana.

Mimi nilikuwa wa pili, wakati mwingine wa tatu. Iliniuma. Ngamia alikuwa dereva wa samaki wa Katunguru, mwenye gari kuukuu lililofungwa mlango kwa kamba, na kila nilipomlipia chai nilihisi nimemezeshwa mwiba. Nikaenda kwa fundi wangu nikamwambia anifungie pampu ya dizeli. Ni skrubu moja tu. Ikizungushwa kidogo, injini inanyimwa mafuta hata ukikanyaga mpaka chini.

"Ssebo, mimi nafunga," fundi alisema, "lakini gari itakosa nguvu. Kama iko na tela, usipande nayo kilima. Ukitaka kuvuta, kuja hapa nifungue. Ni dakika kumi tu."

Jumamosi ile ile nikawa Ngamia. Nilimshinda mtu wa samaki kwa lita mbili, na kichwa kikanivimba.

Siku za kazi nilimvutia tela mzee mmoja Mkongomani. Alikuwa ametoka upande wa Butembo akikimbia vita, akakodi chumba Mubuku, na kwa miaka mingi akajiundia mashine ya kukoboa mpunga. Injini aliipata Bwera, vyuma vingine Kasese, tela ya kuibebea mashine akaichomelea kwa vyuma vya kitanda na ekseli ya gari lililokufa. Nilimvuta kutoka shamba moja hadi jingine, wakulima wakaleta mpunga wao, naye akaukoboa. Nilimwita Papa kama walivyomwita watu wake. Jumapili, akitoka misa, alipita kwanza kuifuta mashine vumbi ndipo aende kula.

"Ile mashini njo inanitunza huku," aliniambia. "Siku itakufa, minarudia kwetu. Hapa sina kitu ingine."

Na kwao tulikujua. Kila wiki walivuka watu mpakani Mpondwe wakiwa na magodoro kichwani, na hakuna aliyekuwa akienda upande wa pili kwa kupenda.

Alipopata habari kwamba mimi ndiye Ngamia, alizunguka gari langu taratibu, akapiga boneti kwa kiganja.

"Shoferi, inakunywa kidogo, ni muzuri. Lakini iko inavuta?"

"Inavuta, Papa."

Kwenye tambarare za Mubuku ilivuta, kwa hiyo nilijiambia kwamba sikusema uongo. Gereji ya fundi niliipita kila siku, asubuhi na jioni. Dakika kumi nilikuwa nazo. Nilichokuwa sina ni moyo wa kurudisha jina la Ngamia kwa mtu wa samaki.

Mto wa kwetu haukungoji wewe uone mawingu. Mvua inanyesha milimani, sisi huku tunaunguzwa na jua, halafu maji yanakuja. Siku moja, mchana, mtu alipiga simu kutoka juu milimani akasema mto umebeba mawe na miti. Mashine ya Papa ilikuwa kwenye mashamba ya chini kabisa, karibu na ukingo. Nilikuwa naye. Tukafunga tela haraka, nikawasha.

Kutoka mashamba ya chini kufika barabara ya mfereji kuna kilima cha murramu, udongo mwekundu ulioshindiliwa, kifupi, hata mita mia hakifiki. Kabla ya kufunga pampu nilikipanda na tela ile kwa gia ya pili, nikipiga soga. Siku hiyo niliingia na gia ya kwanza tangu chini. Katikati injini ikaanza kutetemeka. Gari lenye nguvu likielemewa hutoa moshi mweusi. Langu halikutoa hata moshi. Lilikohoa likazimika.

Wanawake waliokuwa wakivuna waliweka mawe nyuma ya magurudumu ya gari, wakasukuma. Nikawasha tena, likazimika. Mara ya tatu likazimika na kurudi nyuma hatua mbili, mama mmoja nusura akanyagwe mguu. Skrubu niliijua ilipo, lakini fundi alikuwa ameibana kwa nati, na spana ya kuilegeza ilikuwa kwake Kasese. Mwenye trekta tulimpigia simu, akawa mbali. Maji yalikwisha kuingia kwenye mpunga.

Nilishuka nikasimama kama mjinga. Papa hakunitazama. Aliinama mwenyewe kwenye ndoano, akachomoa pini ya tela.

"Toa gari yako," alisema.

Nikalitoa. Bila tela lilipanda vizuri sana.

Mashine ilirudi chini peke yake mpaka kwenye maji, ikasimama kidogo, ikalala ubavu. Kesho yake tulikuta tela imekunjika chini kwenye mchanga, na injini hatukuiona tena.

Kule steji nilisema ni matope. Nilisema magurudumu yaliteleza, na wenzangu wakatikisa vichwa wakanipa pole. Hayakuteleza. Kilima kilikuwa kikavu, nasi tulikuwa tumesimama kwenye jua. Papa alikuwa nyuma ya gari muda wote, aliyaona magurudumu yamekaa kimya kabisa, na hakumwambia mtu. Jumamosi iliyofuata nikawa Ngamia tena. Chai nililetewa, nikanywa. Hata leo nikikumbuka chai ile najichukia.

Pampu nilikwenda kuifungua baada ya hapo. Zilikuwa dakika kumi kweli, fundi hakunidanganya. Sasa pikapu yangu inakunywa kama zote na inapanda popote na chochote. Mtu wa samaki amerudishiwa jina lake.

Papa alijaribu kubeba magunia kwenye kinu cha mtu mwingine, mgongo ukamkatalia. Baada ya mavuno yale alinisimamisha barabarani akaniomba nimpeleke mpakani. Nilimwambia asiende. Nilimwambia tutatafuta injini nyingine, taratibu, mimi nitasaidia. Alinisikiliza kwa heshima, kama unavyomsikiliza mtoto anayekuahidi kukujengea nyumba, akaingia mbele na mfuko mmoja wa plastiki na rozari mkononi.

Kutoka Kikorongo hadi Bwera alisali rozari yake. Nilipanda kila kilima kwa gia ya juu, na kila kilima kilinichoma. Mpondwe, karibu na daraja, watu walikuwa wakivuka kuja kwetu na mizigo kichwani. Alishuka, akafunga mlango polepole asiuumize, akaegemea dirishani.

"Leo imepanda muzuri, shoferi," alisema. "Ni sababu hakukuwa kitu ya kuvuta."

Kisha akapita katikati yao, akaelekea walikotoka.